Milango ya Chevelle

Flint, Michigan
Februari 11, 1989

Delbert,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona juzi nilipofunua turubai.

Nilikwenda nyumba ya zamani kulivuta lile gari la Baba, Chevelle, uliloachiwa wewe kwa kuwa wewe ndiwe mwanamume, nikalileta karakanani kwangu. Wakati wa kulipandisha kwenye lori nikalisikia linalia katikati kama kitanda kibovu. Nikainama. Vizingiti vya chini ya milango umevikata vyote viwili, kulia na kushoto, na hukufunga hata bomba moja la kushikilia bodi. Gari la paa la kitambaa cha kukunja, Delbert! Lenye paa la bati hushikwa juu na paa, chini na vizingiti. Hili linashikwa na vizingiti tu. Ukivikata kabla ya kufunga bomba toka bawaba za mlango hadi kwenye kitasa, linakunjika tumboni kama kitabu. Na limekunjika. Mlango wa kushoto unagonga bati la nyuma kabla haujafika nusu ya njia.

Wewe ndiye uliyefundishwa na Baba. Mimi nilifundishwa na ufagio, katika karakana ya watu, nikichungulia kwa pembeni nikijifanya nazoa vumbi.

Sasa soma sababu ya kukuandikia badala ya kukuacha na aibu yako. Moyo wa Baba umeharibika. Mishipa mitatu imeziba. Daktari anataka kumpasua kifua na kumwekea mishipa mingine ya kutoka mguuni, na anataka iwe kabla majani hayajarudi mitini. Asipopasuliwa, amesema, tusimhesabie Krismasi nyingine. Nilimwandikia Baba hayo kwenye kipande cha boksi, maana lile sikio moja aliloachiwa na mashine za kukandamiza bati kiwandani nalo limekwenda. Akasoma. Akalikunja lile boksi. Akasema kwa ile sauti yake ya kushindana na mashine:

“Siku milango ya Chevelle itakapofunga, nikapanda, nikaenda nalo mpaka hospitali, siku hiyo watanipasua. Si kabla.”

Nikaandika: Baba, hilo ni gari tu.

“Na huu ni moyo tu. Tengeneza kimoja, nikupe kingine.”

Unamjua. Akishatoa neno amelipigilia misumari. Hajui kwamba umelikata. Anadhani ulivua urembo tu ukapiga msasa. Kwa hiyo nijibu upesi: ulianza upande gani? Na mikanda ya kromu ya ubavuni umeiweka wapi? Kama umeiuza usijibu, nitakuja Texas mwenyewe.

Dada yako,
Verna


Beaumont, Texas
Februari 19

Dada Verna,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Una haki, na usinitukane zaidi, karatasi imejaa.

Nilianza kushoto. Kutu ilikuwa imekula mpaka kidole kinapita. Nikasema nikate tu, nione mwisho wake. Nikakata kulia pia ili pande zilingane, si ndivyo? Zilingane! Halafu likatoa sauti, Dada. Siyo kubwa. Kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti amechoka. Nikajaribu kufunga mlango, haukufunga. Nikashusha turubai, na wiki ile ile nikapanda basi kuja huku. Nyote mnajua nilifuata kazi. Kazi zilikuwapo hata Ohio.

Mikanda ipo. Iko kabatini kwa marehemu Mama, nyuma ya makoti, nimeifunga kwa shuka la maua. Yote minane, hakuna uliopinda. Klipu zake zimo kwenye kopo la kahawa. Ona, kitu kimoja nilifanya vizuri.

Nakuomba usimwambie Baba. Si kwa ajili yangu. Haya, ni kwa ajili yangu pia. Lakini moyo wa namna hiyo ukipewa hasira itakuwaje? Mwambie ni kutu. Kutu haina jina.

Huku chakula ni pilipili tupu. Nikiota, naota maharage yako na mkate wa mahindi.

Mdogo wako,
Delbert


Flint
Machi 5

Delbert,

Mikanda nimeipata. Shuka lilikuwa la kitanda changu, mwizi wewe.

Habari ni hii. Nimeliweka gari juu ya stendi nne, mbele na nyuma, na katikati ya tumbo nimeweka jeki mbili za kuzungusha, kila upande moja. Siwezi kulinyanyua mara moja. Sakafu imeliwa na kutu, litachanika kama fulana. Kwa hiyo kila jioni nazungusha jeki kidogo, naliacha bati lizoee, asubuhi napima mwanya wa mlango. Napima kama Baba alivyokuwa akipima miaka yote aliyofunga milango kiwandani: inchi moja igawe mara kumi na sita. Mwanya mzuri ni tatu juu, tatu chini. Nilipoanza, kushoto juu palikuwa sifuri, bati juu ya bati, na chini saba. Leo juu ni mbili na chini ni nne. Likifika tatu kwa tatu nafunga mabomba, nachomelea vizingiti vipya, na hapo hata kifaru hakilikunji tena.

Baba, tangu nimhamishie kwangu, nimemkataza kuingia karakanani. Vumbi, moshi wa kuchomelea, vyote sumu kwake. Nimeandika kwenye boksi nikalitundika kwenye mlango wa jikoni unaotokea huko: ORVAL STAMPER HARUHUSIWI. Akalisoma akiwa na kikombe mkononi.

“Na bwana Stamper mwingine anaruhusiwa?” akauliza, akinielekezea mimi kikombe.

Nikamwonyesha ngumi. Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake, Delbert, kinaanzia mbali siku hizi. Ngazi tatu za barazani anazipanda kwa vituo viwili, halafu anajifanya alisimama kutazama ndege.

Daktari amenipa tarehe: kitanda kipo Aprili 18. Nimesema ndiyo. Nimempa neno kwa niaba ya gari.

Verna


Flint
Machi 14

Delbert,

Limerudi nyuma.

Jumamosi jioni niliacha juu mbili na nusu. Jumapili asubuhi ni moja na nusu. Nikadhani nimesoma vibaya, nikapima tena kwa kipimo kingine. Moja na nusu. Jumatatu nikalipandisha mpaka mbili, leo asubuhi ni moja. Kulia vile vile.

Nimeangalia kila kitu. Jeki ni nzima, nilizijaribu kwenye lori la makaa la jirani. Labda saruji ya sakafu inazama? Nimeweka alama ya chaki ukutani, haijasogea. Basi ni bati lenyewe. Ulipolikata na kuliacha limekunjika miaka miwili, limeshazoea kukunjika, ndivyo ninavyoona. Linataka kurudi kule ulikolizoesha. Nina karakana yangu, Delbert, nimeijenga tofali kwa tofali, na magari ya watu yananitoka yamenyooka kama rula. Hili moja tu ndilo linanifanya mjinga, na hili moja ndilo lenye roho ya mtu ndani yake.

Silali vizuri. Ajabu Baba ndiye ananipoza. Jana aliona uso wangu, akasema, “Usiliharakishe bati, Verna. Bati ni kama nyumbu, ukilisukuma linakaa chini.” Hajawahi kuniambia neno moja kuhusu bati maisha yake yote. Nusura nilie juu ya mayai.

V.


Flint
Machi 16

Mwanangu Delbert,

Dada yako anadhani mimi ni kiziwi na kipofu. Kiziwi ndiyo.

Gari nililiona siku ya tatu tu baada ya Verna kulileta hapa. Ulikata bila kufunga bomba. Nilipokuwa nakufundisha nilikuwa nasema na ukuta? Tutaongea hilo uso kwa uso. Leo nina jambo jingine, na ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia, maana wewe ni mwoga kama mimi.

Mimi huamka saa ya zamu ya alfajiri, mwili haujui kwamba nimestaafu. Verna anakuwa bado amelala. Naingia karakanani na kurudisha jeki nyuma. Si sana. Kidogo huku, kidogo kule, zilingane. Kisha narudi kitandani. Kifua kinanibana, natulia, kinaachia.

Unamkumbuka Ferrell Combs. Miaka kumi na tisa yeye alifunga mlango wa kushoto na mimi wa kulia, gari lile lile, bila kusemezana. Oktoba aliingia hospitali ile ile, kwa moyo ule ule. Aliingia kwa miguu yake. Akanipa miwani yake akasema, “Nishikie, Orval.” Bado ninayo.

Sisemi siogopi kufa. Lakini kinachonikosesha usingizi ni kile cha kulazwa mezani na mtu nisiyemjua ananifungua, mimi sisikii wala sioni anachofanya. Kiwandani hakuna mtu aliyegusa mlango wangu nikiwa sipo. Hata nikienda chooni walisimamisha mstari wa magari.

Nilitoa neno mbele ya dada yako. Neno la mtu halirudi nyuma. Lakini jeki inarudi.

Ana mkono, yule. Anapima mara tatu ndipo anagusa. Nimetazama alivyokata bati la vizingiti vipya, pembe zake huwezi kuingiza wembe. Sikumfundisha mimi na sijui nimshukuru nani. Usimwambie hilo wala lile lingine. Ukimwambia, siingii hospitali hata milango ijifunge yenyewe.

Baba yako,
O. Stamper


Beaumont
Machi 23

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne na hii ndiyo iliyobaki.

Mimi nililikimbia gari, na najua kukimbia kukoje. Unafika mbali, unashusha begi, na kitu kile kile kimekaa kitandani kinakungoja. Sina ushujaa wa kukufundisha wewe. Ila nakukumbusha uliloniambia nikiwa na miaka kumi na minne: bodi iliyokatwa usiiache ikining'inia juu ya jeki muda mrefu, maana kila siku inachoka bila wewe kuona.

Baba, acha. Nitafunga mdomo, lakini acha.

Mwanao,
Delbert


Flint
Aprili 2

Delbert,

Umenyamaza wiki tatu. Vizuri, starehe.

Sasa juu ni moja. Aprili imeingia na mimi niko pale nilipokuwa Februari. Nikizungusha jioni, asubuhi limeshuka. Nimeanza kuliogopa, nakwambia kweli. Nikiingia asubuhi natembea taratibu kama naingia kwa mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe: jana alfajiri nilisikia kitu kimeanguka jikoni. Nikamkuta Baba amekaa chini, mgongo umeegemea mlango wa karakana, midomo ya kijivu kama praima, rangi ya kwanza ya gari. Kikombe kimevunjika. Jasho. Nikamwekea kile kidonge chini ya ulimi, nikamshika mkono nikihesabu mapigo, na mapigo yalikuwa yanaruka kama injini inayokosa plagi. Alipopata pumzi akasema, “Nilitaka hewa tu.” Nikaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, maana boksi lilikuwa mbali: HOSPITALI LEO. Akakifunga kile kiganja. “Milango,” akasema.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi hii, tarehe nane, nalipandisha lote kwa mara moja, toka moja mpaka tatu, na ninachomelea papo hapo kabla halijapata nafasi ya kurudi. Najua linaweza kuchanika. Likichanika sakafu nzima inakwenda, na hapo hakuna mlango utakaofunga milele, naye hatakwenda, na nimeshakwambia mwisho wake. Lakini kungoja nako ni kumwua. Kama una wazo, liwahi Jumamosi. Kama huna, omba.

Verna


Beaumont
Aprili 5
(kwa posta ya haraka)

Dada,

Usilipandishe Jumamosi! Bati halina kosa. Jeki hazina kosa. Ni Baba. Kila alfajiri anaingia anazirudisha nyuma kwa mkono wake. Aliniandikia Machi, akasema nikikwambia hataingia hospitali kamwe, nami nikanyamaza, nikifikiri naokoa kitu. Barua yake naiweka humu. Isome mpaka chini. Kuna sehemu inakuhusu ambayo aliniomba hasa nisikwambie.

Kuanguka kwake kule mlangoni hakukuwa kutafuta hewa. Ile jeki unajua inavyokaza.

Sikujua la kuchagua. Sasa nimechagua, na kama nimekosea, nimekosea kwa mara ya pili kwenye gari lile lile.

Delbert


Hospitalini, Flint
Aprili 18

Delbert,

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Niliisoma karakanani, nikatupa spana, ikavunja taa ya gari la mteja. Nilitaka kwenda kumvuta kitini kwa kola. Baba anakula njama dhidi yangu na mwanawe aliye Texas, na mimi ndiye ninayempikia! Kisha nikasoma ule ukurasa wake wa mwisho. Nikasoma tena. Nikaokota spana.

Sikumwambia kitu. Nilianza kulala na mipini ya jeki zote mbili chini ya mto. Asubuhi ya kwanza nilimsikia akiitafuta, droo hii, droo ile. Wakati wa chai akanitazama, nami nikamtazama, akaomba siagi. Jeki ikakaa ilipoachwa. Mbili. Mbili na nusu. Siku ya sita, tatu juu, tatu chini, kulia na kushoto. Nikafunga mabomba, nikachomelea vizingiti kutwa nzima mpaka macho yakaota mchanga.

Halafu nikairudisha mipini mahali pake.

Alfajiri nikasimama jikoni gizani, mlango nimeuacha wazi kidogo. Akaja na soksi tu miguuni. Akachukua mpini, akapiga magoti kwa shida, akaanza kurudisha. Nilitaka kukimbia nimzuie kwa sababu ya kifua, lakini safari hii jeki ilikuwa nyepesi, haikubeba kitu. Ikashuka. Ikaachana na gari. Gari likabaki palepale limenyooka. Baba akaacha kuzungusha. Akapeleka kiganja chini ya kizingiti, akakipitisha polepole toka mbele mpaka nyuma.

“Njoo ushike tochi,” akasema bila kugeuka. Sijui alijuaje kwamba nipo.

Nikashika tochi. Alikagua kila mshono. Ule wa kona ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote, akaurudia.

“Nani kakufundisha kuchomelea hapa?”

Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango: HAKUNA.

Akasoma. Akatingisha kichwa. “Huyo Hakuna ni fundi.”

Basi, Delbert. Miaka arobaini na moja nimeingoja sifa yake, ikaja kwa maneno manne, na nilikuwa nimevaa gauni la kulalia.

Usidhani ikaishia hapo. Milango ikafunga, na yeye akasema gari bila kromu ni gari lililo uchi, hawezi kwenda hospitali na gari lililo uchi. Nikaleta mikanda. Tukaipiga wote wawili, mimi nikishika mwisho mmoja, yeye akibana klipu. Ilipokwisha akaanza habari ya rangi. Nikaandika: NENO LILIKUWA MILANGO. Akafunika kopo la klipu. “Ndiyo,” akasema. “Lilikuwa milango.”

Leo asubuhi tumekuja nalo hivyo hivyo, kijivu cha praima na kromu inayong'aa ubavuni, kama mtu aliyevaa tai juu ya fulana. Paa tumelishusha ingawa baridi inauma. Hapa mlangoni akashuka, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, kiganja kimelala juu ya bati, maana mlio hausikii. Anausikia kwa mkono. Nyuma yetu wanapiga honi. Nikawaonyesha ishara usiyopaswa kuonyesha hospitalini.

Ndani aligoma. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akashika magurudumu. Daktari akaja, kijana mrefu, akaanza kuandika kwenye karatasi, usiogope, mzee. Baba akaisukuma ile karatasi.

“Kabla hujakata,” akamwambia, na korido nzima ikasikia, “unanishikilia na nini?”

Daktari akanitazama mimi. Nikamwambia ajibu swali, ajibu kwa mchoro, na asiruke kitu. Akapiga magoti pale sakafuni na koti lake jeupe, akachora mashine itakayopiga damu badala ya moyo, mabomba yanaingilia wapi, yanatokea wapi, yanafungwa lini, yanatolewa lini. Baba akauliza upana wa bomba. Daktari akaandika. Baba akauliza nani anapima. Daktari akaandika jina la mwanamke. “Anapima mara ngapi?” Wakati wote, akaandika. Baba akaishika ile karatasi mpaka nikadhani anatafuta kosa. Kisha akaikunja, akanipa mimi, akaachia magurudumu.

“Nishikie, Verna,” akasema.

Unajua ni nani aliyesema hivyo kabla yake. Na mimi nilijua, kwa sababu ya barua uliyonitumia. Nikaipokea.

Nimekaa hapa na karatasi hii. Nimeisoma mpaka naweza kumpasua mwenyewe. Nina hasira na ninyi wawili kiasi cha kuinua gari bila jeki, na sina wa kumpigia kelele, kwa hiyo chukua likizo, au acha kazi, au iba basi, lakini njoo.

Mlango waliompitisha ni wa kubembea. Hauna kitasa, na mwanya wa katikati yake unapitisha mkono mzima. Kazi mbaya kabisa. Kila ukisukumwa nainuka. Anatoka mtu na ndoo, au mtu na faili, nami nakaa. Sasa hivi umesukumwa tena.

V.